Fremu ya Zamani ya Safari: Kipimo Kwanza, Moto Mwisho

Kwenye lundo la baiskeli za mtumba kutoka Ulaya, fremu ya safari ndefu hujulikana kwa dalili chache. Mabomba yake ni membamba na yameunganishwa kwa soketi za chuma. Karibu na ekseli za magurudumu kuna vitundu vya kufungia keria na madigadi. Nafasi kati ya pedeli na gurudumu la nyuma ni ndefu, ili kisigino kisigonge mikoba ya mzigo. Dawes Galaxy ya Birmingham, Uingereza, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni mfano mzuri wa aina hiyo. Ukiipata ikiwa nzima, usiiache iozee uani. Inabeba mzigo bila kuyumba, inapunguza mitikisiko ya barabara mbovu, na inakubali kubadilishwa ili iendane na vipuri vya leo.

Kanuni ya kazi hii ni moja: anza na yale yanayoweza kutenguliwa, na moto uwe wa mwisho kabisa. Sababu imo ndani ya bomba lenyewe.

Ijue fremu uliyonayo

Kampuni ya Reynolds ya Birmingham ilipata hataza mwaka 1897 ya mabomba yenye kuta nene mwishoni na nyembamba katikati. Mwaka 1935 ikatoa 531, chuma chenye manganizi na molibdenamu, ambacho kwa miongo mingi kilitumika kwenye baiskeli bora za Uingereza. Unene wa ukuta katikati ya bomba la namna hiyo huwa kama milimita 0.5 hadi 0.7 tu. Kwa hiyo usilibane bomba kwenye jiliwa, litabonyea. Ishike fremu kwa nguzo ya kiti iliyoingizwa mahali pake.

Soma kibandiko kwa makini. Vingine vinasema mabomba yote pamoja na uma ni 531; vingine vinataja mabomba makuu matatu pekee. Kama kibandiko kimefutika, pima nguzo ya kiti kwa kalipa. Kipenyo cha milimita 27.2 kwa kawaida huashiria mabomba membamba ya daraja la juu, na kipenyo cha milimita 26 na kitu mara nyingi huashiria kuta nene zaidi. Kabla ya kusafisha chochote, piga picha za vibandiko, nembo na namba ya fremu.

Kagua kabla ya kutumia hata shilingi moja

Pitisha kidole chini ya bomba la juu na bomba la chini, nyuma kidogo ya usukani. Ukihisi kijikunjo au uvimbe, baiskeli iligonga kitu kwa mbele na fremu imejikunja. Tafuta nyufa kwenye makucha yanayoshika ekseli ya nyuma, kwenye masikio ya bolti inayobana nguzo ya kiti, na pale mabomba ya nyuma yanapokutana na nyumba ya ekseli ya pedeli. Rangi iliyopasuka mstari mwembamba ni onyo. Ikwangue uone chuma. Chomoa uma wa mbele pia ukague shingo yake, hasa hesi zinapoishia na pale shingo inapoingia kwenye kichwa cha uma. Uma wenye ufa haufai kuokolewa, kwa kuwa ukikatika huna nafasi ya kujitetea. Tafuta mwingine.

Kufungua bila kuvunja

Kwenye fremu za Kiingereza, kikombe cha upande wa kulia wa ekseli ya pedeli kina hesi za kinyume: hufunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Pedeli ya kushoto ni hivyohivyo. Fremu nyingi za Kifaransa na za Kiitaliano zina hesi za kawaida pande zote mbili, kwa hiyo ijue asili ya fremu kabla hujashika spana.

Nguzo ya kiti ya aluminiamu iliyogandia ndani ya chuma ni tatizo la kawaida. Mwagia mafuta ya kupenya, acha usiku kucha, kisha tumia tofauti ya metali hizo mbili: aluminiamu hutanuka na kusinyaa karibu maradufu ya chuma. Mimina maji ya moto, halafu poza nguzo kwa barafu, huku ukijaribu kuizungusha. Ikigoma kabisa, ikate karibu na fremu na upasue kipande kilichobaki kwa msumeno wa chuma kutoka ndani, polepole, bila kugusa bomba.

Kutu

Kutu ya juu huondoka kwa brashi ya waya na msasa. Vipuri vidogo vya chuma viloweke kwenye siki usiku mmoja, vioshe kwa maji yenye magadi soda ili kuua asidi, kisha vikaushe na kuvipaka mafuta papo hapo. Usiitumbukize fremu nzima kwenye asidi. Mabomba ya nyuma yana vitundu vidogo tu vya kupumulia; asidi ikiingia haitoki, na itaendelea kula chuma kutokea ndani. Sehemu zenye kromu zisugue kwa karatasi ya foili iliyoloweshwa maji.

Kupanua uma wa nyuma

Hapa ndipo chuma kinapoonyesha ubora wake. Nafasi kati ya makucha ya nyuma ilikuwa milimita 120 kwa gia tano, na 126 kwa gia sita au saba. Habu nyingi za barabarani zilizofuata zinataka 130, na za baiskeli za milimani 135. Chuma kinaweza kupanuliwa kikiwa baridi na kikabaki hapo. Aluminiamu usiijaribu kamwe.

Kutoka 126 hadi 130, kila upande unasogea milimita 2. Hadi 135, milimita 4.5. Sukuma upande mmoja mmoja kwa ubao imara ulioegemezwa kwenye bomba la kiti, huku ukiliwekea bomba hilo kitambaa kinene. Chuma hurudi nyuma kidogo, kwa hiyo ongeza nguvu hatua kwa hatua na upime kila mara. Usitegemee kutanua pande zote mbili pamoja kwa bolti ndefu na nati, maana upande dhaifu ndio utakaosogea zaidi.

Sasa hakiki kwa uzi. Ufunge kwenye kucha moja la nyuma, uupitishe mbele ya bomba la usukani, uurudishe hadi kucha la pili. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo vikilingana, uma umekaa katikati. Malizia kwa kunyoosha makucha yatazamane sambamba. Yakiachwa yameinama, yatapinda ekseli na hatimaye kuivunja.

Magurudumu: soma namba, usisome inchi

Fremu nyingi za Kiingereza za miaka hiyo zilikuja na magurudumu ya inchi 27, yaani rimu ya milimita 630. Tairi zake leo ni adimu. Tairi ya inchi 28 ya baiskeli kubwa za mizigo, iliyozoeleka vijijini kwetu, mara nyingi ni 635. Zinakaribiana kwa macho, lakini tairi ya 635 juu ya rimu ya 630 italegea na kuchomoka. Na wapo wanaoita inchi 28 hata ile ya 622. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ndiyo ya kuaminika.

Badiliko ninalolipendekeza ni rimu za 622. Nusu kipenyo inapungua milimita 4 tu: unapata nafasi ya tairi nene kidogo, na vipande vya breki unavishusha milimita 4. Kwa kawaida breki za zamani zenye mikono mirefu zinafika. Epuka kuweka magurudumu ya inchi 26 ya baiskeli za milimani, yenye rimu ya 559, hata kama tairi zake zinauzwa kila duka. Rimu inashuka milimita 35.5, breki hazifiki, na pedeli zinaweza kugonga barabara kwenye kona.

Nyongeza, na lini uwashe moto

Keria, kishikio cha chupa na madigadi hufungwa kwa vibano vyenye mpira ndani. Vikishindwa kazi unavitoa, na fremu haijadhurika. Vibano viwili imara vya keria vinatosha safari nyingi.

Ukitaka vishikizo vya kudumu, kwa mfano vya breki za kantiliva, peleka kazi kwa fundi anayelehemu kwa fedha au brasi, na umwambie fremu ni 531. Bomba hilo halikukusudiwa kuchomelewa kwa umeme. Joto la kuyeyusha chuma chenyewe huudhoofisha ukuta wake mwembamba. Kulehemu kwa fedha hutumia joto la chini zaidi, ndiyo maana kunafaa. Fundi asiyekuwa na gesi asiiguse fremu yako, hata akiahidi bei nafuu.

Rangi, na ulinzi wa ndani

Paka rangi baada ya mabadiliko yote kukamilika. Ziba hesi zote, paka praima siku ileile uliyofikia chuma kitupu, kisha tabaka nyembamba kadhaa za rangi badala ya moja nzito. Rangi ya unga inayookwa ni ngumu zaidi, lakini hufunika ncha zilizochongwa za soketi.

Kwa wakazi wa pwani, ndani ya bomba kuna hatari zaidi kuliko nje, kwa sababu hewa ya chumvi haionekani ikifanya kazi. Mimina mafuta ya kitani yaliyochemshwa, geuza fremu kila upande yaenee, kisha yaache yachuruzike na kukauka kwa siku kadhaa. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yatandaze nje yakauke; yakirundikwa yanaweza kushika moto yenyewe.

Kuunganisha na kujaribu

Weka gololi mpya na grisi mpya kwenye usukani na ekseli ya pedeli, na grisi nyembamba kwenye kila hesi na kwenye nguzo ya kiti. Hakikisha nguzo imeingia kupita alama yake ya mwisho. Endesha kwanza bila mzigo, karibu na nyumbani, ujaribu breki zote mbili. Kaza bolti upya, rudia ukaguzi wa uzi na wa nyufa, kisha funga mikoba yenye nusu ya mzigo unaokusudia. Baiskeli ikienda moja kwa moja unapolegeza mikono kidogo, na fremu isipotoa mlio, ongeza mzigo uliobaki na uanze safari.