Njia ya Pembe: Ziara ya Kitui na Makueni
Kabla ya reli, pembe za ndovu ndizo zilizokuwa dhahabu ya Ukambani, na misafara ya Wakamba ilizipeleka Mombasa kwa miguu. Kivoi wa Mwendwa wa Kitui aliongoza misafara hiyo. Ndiye aliyemweleza mgeni wake, mmishonari Johann Ludwig Krapf, habari za Mlima Kenya. Krapf akauona kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849. Vitabu humsifu Krapf zaidi. Kivoi aliuawa mwaka 1851, msafara wao uliposhambuliwa karibu na Mto Tana.

Mwishoni mwa miaka ya 1890 reli ilipita Makueni. Huko Makindu, hekalu la Wasikh la mwaka 1926 hupokea wageni wa dini zote na kuwalisha bure. Vua viatu, funika kichwa. Upande wa Kitui, anza kwa wazee.