KIVIMBE CHINI YA NGOZI: USIKIKAMUE, KIONYESHE

Somo letu la leo linahusu vivimbe vya chini ya ngozi ambavyo haviumi, vinakua polepole, na vinawatia watu hofu kuliko vinavyostahili.

Katika bloku yetu kuna mama mmoja ambaye kwa miaka mingi hakutoka nyumbani bila kufunga kitambaa. Kichwani alikuwa na kivimbe. Kilianza kama punje ya hindi, kikafika ukubwa wa yai la njiwa. Akijitwika dumu la maji, ngata ilikibana na kumuumiza. Majirani walisema ametupiwa kitu. Mwisho aliuza unga wake wa mgao, akamlipa mtu amkate kwa wembe. Yule mtu alipasua, akakamua, akatoa uchafu mweupe wenye harufu. Mama akafurahi. Baada ya miezi michache kivimbe kilirudi pale pale, na safari hii kilikuwa chekundu, kinauma, na mama ana homa.

Nilipomtembelea nikamwambia, "Mama, twende kituo cha afya." Akajibu, "Mwanangu, wewe bado mtoto, mambo haya huyajui." Alisema kweli, wakati ule nilijua machache. Niliyojifunza baadaye ndiyo ninayokuandikia.

1. Kivimbe hiki ni nini?

Madaktari wanakiita sisti. Sisi tuseme kivimbe cha kifuko, kwa sababu ndivyo kilivyo: kifuko kilichofungwa, kimekaa chini ya ngozi, na ndani kimejaa kitu.

Ngozi yako hujibadilisha kila siku. Seli mpya huzaliwa chini, za zamani husukumwa juu, zinakauka na kupukutika unapooga. Ikitokea kipande cha ngozi ya juu, au ya kishimo cha unywele, kimezama ndani, kinaendelea na kazi ile ile. Lakini seli zilizokufa hazina pa kutokea. Zinarundikana ndani ya kifuko mwaka hadi mwaka. Ule uchafu mweupe kama jibini si usaha wala mafuta, ingawa wengi huuita uvimbe wa mafuta. Ni keratini, yaani kitu kile kile kinachotengeneza kucha na nywele.

Ngozi inaweza kuzama kwa sababu kishimo cha unywele kimeziba, au kwa sababu ya jeraha: mshono, kutoboa sikio, chale, au kukeketwa kwa wasichana. Wengine wamerithi kwa wazazi. Hakuna aliyetupiwa.

2. Aina unazoweza kukutana nazo

(a) Kivimbe cha kawaida. Hiki ndicho kinachoonekana zaidi. Hukaa usoni, shingoni, kifuani au mgongoni. Ni cha mviringo, na ukikigusa kinasogea. Mara nyingi katikati kuna kitundu kidogo cheusi. Hapo ndipo mlango wa kishimo kilichoziba.

(b) Kivimbe cha kichwani. Ni kigumu zaidi, laini juu, hakina kitundu. Karibu vyote vya aina hii huota kwenye ngozi ya kichwa, mara nyingi kwa wanawake, na mtu mmoja anaweza kuwa navyo kadhaa. Hufuata ukoo. Mama wa bloku yetu alikumbuka kwamba mama yake mzazi alikuwa nacho pia.

(c) Vipele vyeupe vidogo kama kichwa cha pini, usoni kwa mtoto mchanga. Usivitumbue. Huondoka vyenyewe baada ya wiki chache.

(d) Kivimbe cha kuzaliwa nacho. Mtoto anazaliwa nacho, mara nyingi kwenye pembe ya nje ya nyusi, au katikati ya pua. Hiki kishike kwa heshima. Kikiwa kwenye mstari wa katikati wa pua au kichwa, kinaweza kuwa na njia inayofika hadi kwenye ubongo. Asikiguse mtu yeyote isipokuwa daktari wa upasuaji, na hata yeye hupiga picha kwanza.

3. Hadubini inaonyesha nini?

Kivimbe kikishatolewa, kinaweza kupelekwa maabara ndani ya dawa ya kukihifadhi. Huko wanakata kipande chembamba sana, chembamba kuliko unywele. Wanakitia rangi ya zambarau na ya waridi, kisha wanakitazama kwa hadubini.

Kivimbe cha kawaida kinaonyesha ukuta uliojengwa kama ngozi yenyewe: seli bapa kwa tabaka, na karibu na uwazi kuna tabaka la seli zenye punje punje nyeusi. Ndani, keratini imepangwa kwa karatasi nyembamba kama maganda ya kitunguu.

Kivimbe cha kichwani hakina lile tabaka la punje. Seli zake zinavimba kuelekea ndani, na keratini yake imeshikana kama udongo uliofinyangwa. Pengine ndani yake kuna chokaa.

Kivimbe cha kuzaliwa nacho kina nywele na tezi za mafuta ndani ya ukuta wake.

Kwa nini tunakueleza haya? Kwa sababu ni hadubini inayothibitisha kwamba si kansa. Seli za vivimbe hivi zimepangwa kwa utaratibu, hazivamii nyama ya jirani. Kugeuka kuwa kansa hutokea mara chache sana.

4. Kwa nini usikamue?

Kwanza, ukikamua unatoa kilichomo tu. Kifuko kinabaki, na kifuko ndicho kiwanda. Kitajaza tena.

Pili, kifuko kikipasukia ndani, keratini inamwagika kwenye nyama. Mwili unaiona kama mwiba, unatuma askari wake kuishambulia. Ndiyo maana panakuwa pekundu na panauma, hata kabla vijidudu havijaingia.

Tatu, wembe usio safi unaleta pepopunda, na wembe uliotumiwa na mwingine unaweza kuleta virusi vya ukimwi na homa ya ini.

Dawa za kumeza za kununua sokoni haziyeyushi kifuko. Usipake kinyesi cha ng'ombe, dawa ya meno wala maji ya betri. Osha kwa maji na sabuni kama ngozi nyingine, kisha acha.

5. Si kila kivimbe ni cha kifuko

Onyesha kivimbe kituo cha afya mapema ukiona moja ya haya:

- Kinakua haraka, ni kigumu, hakisogei, au kimekuwa kidonda kisichopona.
- Kimekuwa chekundu, kina usaha, na una homa.
- Kiko kwenye titi.
- Kiko shingoni, kwapani au kwenye kinena, na unakonda, unakohoa, au unatoka jasho usiku. Hiyo inaweza kuwa kifua kikuu cha tezi.
- Ni vinundu vigumu kwenye nyonga au mbavu, ngozi inawasha, na uliwahi kuishi kando ya mito yenye maji ya kasi. Hiyo inaweza kuwa usubi, ugonjwa unaopofusha, na una dawa.
- Ni madoa au vinundu vya rangi ya zambarau.
- Mtoto amezaliwa nacho.

Kama hakiumi na hakikui, kinaweza kubaki maisha yako yote bila madhara. Kikikusumbua, daktari anachoma sindano ya ganzi, anapasua kidogo, anatoa kifuko kizima na ukuta wake. Kikiwa chekundu, husubiri kwanza kipoe.

Ndivyo ilivyokuwa kwa yule mama. Alitibiwa homa na usaha kwanza, akasubiri, kisha akapasuliwa. Kilitoka kizima, cheupe, kama yai lililomenywa. Majibu ya maabara yalipokuja, aliniomba nimsomee mara mbili: si kansa. Siku hizi anabeba maji bila kuumia, na kitambaa anafunga akipenda. Binti yake naye ameanza kupapasa kichwa chake na amekuta kipunje. Hakuuza unga. Alikuja kuniuliza.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kwa nini kivimbe kilichokamuliwa hurudi?
2. Ni kivimbe gani cha mtoto kisichotakiwa kuguswa kabisa?
3. Taja dalili tatu zinazokutaka uende kituo cha afya bila kuchelewa.

Ukishindwa kujibu, soma tena au muulize mhudumu wa afya wa bloku yako. Hatulipishi, na siri yako tunaitunza.