Kuunganisha Mitambo ya Redio ya Nyakati Mbalimbali

Redio ya ridhaa ni kazi ya watu waliopewa leseni ya kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza na kuwasiliana, wala si kwa biashara. Wengi wao hutumia mitambo ya nyakati mbalimbali. Transmita ya transista huunganishwa na kikuza nguvu cha valvu kilichoundwa miaka mingi kabla yake, ili wati chache zinazotoka katika transmita ziongezwe kabla ya kufika kwenye antena. Mara nyingi plagi ya chombo kimoja huingia vizuri katika tundu la chombo cha pili. Lakini plagi kuingia si ushahidi kwamba vyombo hivyo vinapatana. Kila waya unaoviunganisha sharti uulizwe: unabeba volti ngapi, za aina gani, na kwa wakati gani?

Mfano wa kikuza cha zamani

Kikuza kimoja kinachojulikana sana ni SB-220 cha Heathkit, kilichouzwa na kampuni ya Heath ya Benton Harbor, Michigan, Marekani, katika miaka ya 1970. Kiliuzwa kikiwa vipande, na mnunuzi alikiunda mwenyewe kwa kufuata kitabu cha maelezo. Kina valvu mbili za aina ya 3-500Z, na anodi zake hupata volti zipatazo 3000. Kwa kuwa kila kimoja kiliundwa na mikono tofauti, na huenda kimefanyiwa marekebisho baadaye, kitabu peke yake hakitoshi. Hapana budi kupima.

Waya wa kuamrisha

Mwendeshaji anapoanza kusema, transmita hufunga saketi ndogo inayoiamuru rilei ya kikuza ibadili njia ya antena. Katika SB-220 waya huo hupita katika tundu dogo la aina itumikayo kwenye gramafoni, lakini una volti zipatazo 120 za mkondo mnyoofu. Transmita nyingi za valvu hazikudhurika, kwa sababu zilifunga saketi hiyo kwa ncha za chuma za rilei yao. Transista ndogo iliyokusudiwa kubeba volti 12 huungua papo hapo. Aidha, mtu anayeshika pini ya waya huo hupata mshtuko.

Dawa yake ni rilei ya kati. Transmita huendesha koili ya rilei hiyo kwa volti 12, na ncha za rilei ndizo zinazofunga waya wa kikuza. Volti 120 hazifiki kamwe kwenye transista. Faida ya pili ni kwamba ncha za chuma hazibagui chanya na hasi, ilhali transista hubagua.

Koili nayo ina hatari yake. Mkondo wake unapokatwa ghafla, huzalisha volti za kinyume ambazo huweza kupita mia moja. Basi diodi huwekwa sambamba na koili, kathodi yake ikielekea upande chanya, ili kuzimeza volti hizo.

Wakati wa kubadili

Rilei haifungi mara moja, na rilei kubwa ya kikuza huweza kuchukua milisekunde 10 hadi 20. Nguvu ya transmita ikifika kabla ncha hazijatulia, cheche huruka na kuzila ncha hizo. Rilei ya kati huongeza ucheleweshaji wake, hivyo ichaguliwe iliyo ndogo na nyepesi. Transmita yenye kirekebishi cha kuchelewesha mawimbi irekebishwe ipasavyo.

Kupatanisha impedansi

Impedansi ni upinzani wa jumla unaoukabili mkondo geu, nao hupimwa kwa omu. Nguvu yote hupokewa pale impedansi za pande mbili zinapolingana, na zisipolingana, sehemu yake hurudi ilikotoka. Kwa impedansi zisizo na sehemu ya koili wala ya kapasita, hesabu yake ni hii: tofauti ya impedansi mbili igawanywe kwa jumla yake, kisha jibu lizidishwe kwa lenyewe.

Kebo ya omu 50 ikiungwa na antena ya omu 75: 25 ÷ 125 = 0.2, na 0.2 × 0.2 = 0.04. Asilimia 4 tu hurudi, na hasara hiyo ni ndogo. Lakini kebo hiyo ikiungwa na waya pacha wa omu 300, uliopendwa zamani: 250 ÷ 350 = 0.71, na asilimia 51 hurudi. Hapo kipatanishi cha antena chahitajika.

Hatari ya kifo

Kapasita hubaki na umeme hata baada ya chombo kuzimwa. Nishati yake ni nusu ya kapasitansi mara volti mara volti. Kapasita zenye jumla ya maikrofaradi 25 kwa volti 3000 huhifadhi juli 112.5, kiasi kinachotosha kuua. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kikuza:

1. Plagi ichomolewe ukutani. Kuzima swichi hakutoshi.
2. Kungojewe dakika kadhaa, lakini kungoja kusiaminiwe, kwani rezista za kuondoa chaji huweza kuwa zimekufa.
3. Anodi iguswe kwa fimbo ya kihami yenye waya uliofungwa kwenye ethi, kisha volti zipimwe.
4. Mkono mmoja uwekwe mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita moyoni.

Vilevile, kikuza kilichofungwa kwa volti 120 za Marekani kisichomekwe katika soketi ya Afrika Mashariki, yenye volti 230 au 240, kabla transfoma yake haijafungwa upya kwa volti hizo.

Zoezi

1. Kebo ya omu 50 imeungwa na antena ya omu 25. Asilimia ngapi ya nguvu hurudi?
2. Kapasita ya maikrofaradi 10 ina volti 2000. Imehifadhi juli ngapi?
3. Kwa nini rilei ya kati huhitaji diodi?

Majibu: (1) Asilimia 11. (2) Juli 20. (3) Kuilinda transista dhidi ya volti za kinyume za koili.