SOMO LA KOMPYUTA: TUCHORE NYUMBA KABLA YA KUCHIMBA MSINGI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mwaka huu katika ukurasa wa kompyuta tumechagua somo ambalo faida yake haiishii darasani. Tutajifunza namna ya kutumia programu ya kuchora nyumba. Tutaeleza hatua zake moja baada ya moja, na mwishoni tutatoa mazoezi. Lakini kwanza tueleze sababu iliyotufanya tulichague somo hili.

KISA CHA DAFTARI

Wakati wa likizo mwanafunzi wetu mmoja alitujia na daftari. Ndani yake mlikuwa na ramani ya nyumba aliyoichora baba yake kwa kalamu ya risasi. Baba huyo anafanya kazi Muscat, na kila akipata chochote hutuma nyumbani. Kiwanja kimeshanunuliwa, matofali yamefyatuliwa, na fundi aliahidi kuanza msingi baada ya wiki 2. Mtoto alituomba jambo moja tu: tumchoree ramani ile kwenye kompyuta ili ipendeze, ampelekee baba yake.

Tulipoiingiza tukaona mambo mawili. La kwanza, kiwanja kina upana wa mita 10.5. Baba aliandika chumba futi 12, korido futi 4, na chumba cha pili futi 12. Jumla ni futi 28, yaani mita 8.53. Akahesabu kwamba kila upande itabaki karibu mita 1 ya njia. Hesabu ni sahihi, ila alisahau kuta! Hapo pana kuta 4, na kila moja, ukitia na lipu ya pande mbili, ni kama sentimita 18. Zote kwa pamoja ni sentimita 72. Kwa hiyo nyumba ingekuwa na upana wa mita 9.25, na kila upande ingebaki sentimita 62 tu. Upenu wa paa ulikusudiwa kutoka sentimita 60. Maji ya mvua yote ya masika yangemwagika ukutani kwa jirani. Na haki ya jirani katika dini yetu kila mmoja wenu anaijua.

La pili lilituhuzunisha zaidi. Katika nyumba hiyo atakaa bibi yake mtoto huyu, naye hutembelea kiti cha magurudumu. Mlango wa choo ulichorwa wa sentimita 70. Ukiondoa fremu, kiti hakipiti. Yaani mtoto anamjengea mama yake nyumba kwa jasho la ugenini, na mama mwenyewe hawezi kwenda kutia udhu bila ya kubebwa.

Alhamdulillah, msingi ulikuwa haujachimbwa. Kosa la kwenye kompyuta hufutwa kwa kidole kimoja. Kosa la zege hufutwa kwa nyundo na kwa fedha.

PROGRAMU TULIYOITUMIA

Programu za kuchora nyumba ni nyingi. Sisi tulitumia Sweet Home 3D, iliyotungwa na Mfaransa aitwaye Emmanuel Puybaret. Tumeichagua kwa sababu inapatikana bure na kwa halali, kwa hiyo hatuhitaji kunakili programu ya mtu bila ya ruhusa yake. Pia inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ukishaiweka kwenye kompyuta huhitaji intaneti ili kuchora.

Ukiifungua utaona sehemu 4. Juu kushoto pana orodha ya samani na milango. Chini yake pana orodha ya vitu ulivyokwisha kuvitia. Juu kulia ni pahala pa kuchorea ramani. Chini kulia utaiona nyumba ikisimama yenyewe kila unapochora.

HATUA ZA KUFUATA

1. Anza na futikamba. Usiguse kompyuta kabla ya kupima kiwanja. Pima pande zote 4, kisha pima kutoka pembe hadi pembe, mara mbili. Vipimo hivyo viwili vikiwa sawa na pande zinazokabiliana zikiwa sawa, kiwanja ni cha mstatili wa sawasawa. Kwa mfano kiwanja cha mita 10.5 kwa 18 pembe hadi pembe yake ni mita 20.84. Vikitofautiana, kiwanja kimepinda, na ni lazima ukichore kama kilivyo.

2. Chagua kipimo kimoja. Mafundi wetu husema futi, na karatasi za kiwanja huandikwa mita. Kuchanganya ndiko kunakopoteza. Futi 1 ni sentimita 30.48. Geuza vyote viwe sentimita, kisha fungua mapendeleo ya programu uchague sentimita.

3. Weka unene wa ukuta. Programu huja na unene wake yenyewe, nao ni mwembamba kuliko kuta zetu. Kwa tofali la inchi 6 pamoja na lipu andika sentimita 18. Fanya hivi kabla ya kuchora ukuta wa kwanza.

4. Kama unayo ramani ya mkono, ipige picha au iskani, halafu iingize iwe chini ya mchoro wako. Programu itakuuliza urefu wa mstari mmoja unaoujua. Chagua mstari mrefu, kwa sababu kosa dogo katika mstari mfupi huongezeka katika nyumba nzima.

5. Chora kuta kwa kuandika namba, si kwa kukisia kwa kipanya. Bonyeza pale unapoanzia, kisha gonga kitufe cha Enter, andika urefu. Hapa pana jambo ambalo wengi hukosea: programu hupima katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta. Ukitaka chumba cha ndani cha futi 11, yaani sentimita 335, andika 353, kwa kuongeza nusu ya ukuta wa huku na nusu ya ukuta wa kule. Ukimaliza, chagua kifaa cha vyumba, bonyeza mara mbili ndani ya chumba, nayo itakuandikia eneo lake. Linganisha na hesabu yako.

6. Tia vitu vya nyumbani kwenu, kwa vipimo vyake. Vitanda na makochi ya kwenye orodha ni ya Ulaya. Pima kitanda chenu cha futi 5 kwa 6, kabati na mtungi wa maji, kisha badilisha vipimo. Chumba kitupu siku zote huonekana kikubwa. Kumbuka pia kwamba mlango unafunguka; angalia usigonge kitanda.

7. Mfikirie asiyejiweza. Kiti cha magurudumu kinataka mlango wenye uwazi wa sentimita 80 au zaidi, na pahala pa kugeukia penye duara la sentimita 150. Ngazi ya mlangoni ikiwa na kimo cha sentimita 30, badala yake mteremko wa kupandia uwe na urefu wa sentimita 360, yaani mara 12 ya kimo. Katika programu chora duara hilo uliweke chooni. Likigusa ukuta, panua.

KIBLA NA SITARA

Mambo haya mawili programu haitakuuliza. Ni juu yako wewe mchoraji.

Kwenye mchoro pana alama ya dira. Ibonyeze mara mbili, andika mji wenu ulipo duniani na uelekeo wa kaskazini. Sisi wa mwambao Mwenyezi Mungu ametusahilishia: Unguja, Dar es Salaam na Mombasa ziko karibu kwenye mstari mmoja na Makka, kwa hiyo kibla chetu hakipitani na kaskazini hata digrii 2. Mshale wa kaskazini ndio mshale wetu wa kibla. Lakini aliyeko Kigoma lazima aelekee mashariki kidogo, kama digrii 20 kutoka kaskazini. Na mujue kwamba dira ya mkononi nayo hupotoka digrii chache kutoka kaskazini ya kweli.

Ukishajua kibla, tazama choo. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wamepambanua baina ya uwanja wa wazi na ndani ya jengo katika hukumu ya kukielekea au kukipa mgongo kibla wakati wa haja. Lakini adabu iliyo bora ni kuepuka hata ndani ya nyumba. Kwa sisi wa mwambao, basi, choo kielekee mashariki au magharibi. Kukigeuza kwenye kompyuta ni kazi ya dakika moja.

Ama sitara, programu ina mtu wa kuzuru, ambaye unaweza kumtembeza ndani ya nyumba ukaona anachokiona yeye. Msimamishe barazani, fungua mlango. Je, anaona jikoni? Anaona mlango wa choo? Mgeni ataketi wapi, na mama atapita wapi bila ya kumkatiza? Kisha mpunguze kimo kama mtu aliyekaa juu ya mkeka, utazame tena. Mwisho mtoe nje, msimamishe dirishani kwa jirani, aangalie kwenu. Halafu msimamishe dirishani kwenu, aangalie kwa jirani. Sitara ni ya pande mbili.

Suratun Nur inatufundisha kupiga hodi na kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu. Aya yake ya 58 imetaja nyakati 3 ambazo hata watoto wa nyumbani huomba ruhusa: kabla ya alfajiri, adhuhuri mtu anapopumzika, na baada ya isha. Nyumba ambayo chumba cha wazee ndiyo njia ya kwendea chumba cha watoto inawatia watu wote katika dhiki ya kuitimiza adabu hii. Wazee wetu wa Lamu na Mji Mkongwe walilijua jambo hili. Walijenga daka na baraza za kupokelea wageni, na wakaupinda mlango wa ndani ili jicho la mpita njia lisifike uani.

JUA NA UPEPO

Huku kwetu upepo wa kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Disemba hadi Machi, na kusi huvuma kutoka kusini mashariki katikati ya mwaka. Chumba chenye madirisha kwenye kuta mbili hupitisha hewa. Chenye dirisha moja hufukuta. Ukuta wa magharibi hupigwa na jua la alasiri, basi huko weka ghala au choo, usiweke chumba cha mtoto mchanga. Ukishatia dira, programu inaweza kukupigia picha ya chumba kwa tarehe na saa unayoitaka, uone jua litaingia wapi. Jaribu mwezi wa Juni kisha Disemba, kwa kuwa jua letu huhama kutoka kaskazini kwenda kusini.

TAHADHARI

Hifadhi kazi yako kila baada ya muda, maana umeme haupigi hodi. Tia tarehe kwenye jina la faili, na weka nakala kwenye flashi. Unapochapisha kwa fundi, chagua kipimo cha 1 kwa 100, ambapo sentimita 1 ya karatasi ni mita 1 ya kiwanja, kisha hakikisha kwa rula kwamba mashine haikupunguza.

Na usihadaike na uzuri wa picha. Programu haijui udongo wenu, haijui nondo wala kina cha msingi. Itakuruhusu uweke ghorofa juu ya ukuta usioweza kuibeba. Mhandisi, fundi mwenye ujuzi na kibali cha ujenzi bado ni lazima. Mchoro wetu ni wa kuulizia maswali mapema.

MWISHO WA KISA

Tulimwonesha baba yule mabadiliko. Vyumba vikapunguzwa kuwa futi 11 kila kimoja. Upana wa nyumba ukawa mita 8.64, na kila upande ikabaki sentimita 93. Kitanda na kabati viliingia vizuri. Mlango wa choo ukapanuliwa, choo kikageuzwa, na ngazi ya mbele ikawa mteremko. Tulimwita bibi naye atazame kwenye kompyuta. Hakuuliza habari za rangi wala za madirisha. Aliuliza: "Wanangu, nitafika mwenyewe kwenye maji?" Tukamtembeza yule mtu wa kuzuru kutoka kitandani kwake hadi bombani, na akaona kuwa atafika.

MAZOEZI

1. Pima chumba unacholala, kichore pamoja na vitu vyake vyote.
2. Vyumba viwili vya futi 10 na korido ya futi 4, kuta 4 za sentimita 18: tafuta upana wa nyumba kwa mita.
3. Simama mlangoni kwenu. Andika vitu vyote anavyoviona mgeni, kisha shauriana na wazazi wako kipi kisitiriwe.
4. Muulize mtu mzima kuliko wote nyumbani kwenu ni pahala gani panamtaabisha kupita. Lete jibu darasani.

Wabillahi tawfiq.