SOMO: Injini Mpya kwa Land Rover Kuukuu

Land Rover kuukuu mara nyingi bodi lake huwa zima bado, lakini injini imechoka. Mwenyewe atie injini gani? Tutazame mfano wa Arusha, chini ya Mlima Meru.

Kwanza, hewa. Mji wa Arusha u juu ya bahari yapata mita 1,400, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi. Dizeli isiyo na tabo hupungukiwa nguvu huko. Yenye tabo husukumiwa hewa, nayo haipungukiwi sana.

Pili, nguvu. Dizeli ya zamani ya lita 2.25 hutoa nguvu za farasi 60 na kitu. Ile ya 200Tdi, ya Land Rover yenyewe, hupita 100, na hufungika kwenye gia boksi ya zamani kwa marekebisho machache. 1HZ ya Toyota, ya lita 4.2, nayo hupita 100, lakini ina silinda sita, ni ndefu na nzito. Hiyo yataka kazi kubwa ya fundi.

Tatu, vyombo vingine. Gia boksi na ekseli za kale zilifanyiwa nguvu ndogo. Dereva mwenye papara atazivunja. Kwa hiyo kagua klachi, breki na rejeta kabla ya kutoa fedha.

Sisi wa visiwani hatuna shida ya hewa nyepesi. Basi mwanachama asinunue nguvu ambazo gari lake halitaweza kuzibeba.