Mkaribishe jirani, mwachie na nafasi ya kukataa

SWALI: Mimi ni mama niliyeokoka. Nimepanga nyumba moja na dada Mwislamu, na tumesaidiana miaka mingi kwa shida na raha. Tangu mwaka jana namtumia mahubiri kwa WhatsApp kila asubuhi, na kila mkutano wa Injili ukifanyika namwalika. Siku hizi ananiitikia salamu kwa mkato, na Ramadhani iliyopita hakuniletea futari kama kawaida yake. Nikitaka kunyamaza, nakumbuka tulivyofundishwa: damu ya asiyeonywa itadaiwa mkononi mwangu. Nifanyeje?
Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Dada yangu wa Ngamiani, shauku yako si kosa. Mtu aliyepata jambo lililompa uzima hawezi kulifungia ndani, na Katiba yetu, Ibara ya 19, inasema kueneza dini ni huru. Ibara hiyohiyo inaiweka dini katika hiari ya mtu binafsi, na hapo ndipo mlipokwama. Ujumbe wa kila asubuhi haumpi jirani yako nafasi ya kusema hapana bila kukuudhi. Kwa kuwa hapendi kukuudhi, ameona heri akae mbali. Kumkaribisha mtu kwenye imani kuna maana pale tu anapoweza kukataa asipoteze kitu: si salamu, si ujirani, wala msaada wako mtoto wake akiugua usiku.

Tazama Yesu mwenyewe alivyofanya. Luka anasimulia kuwa kwenye njia ya Emau alianza kwa kuwauliza wale wasafiri wawili walikuwa wanazungumza nini, akawaacha waeleze yote. Walipofika kijijini alifanya kama anaendelea na safari, akaingia ndani baada ya kusihiwa. Katika Marko 10, yule tajiri aliondoka kwa huzuni. Marko anasema Yesu alimpenda, lakini haandiki popote kwamba alimfuata njiani kumshinikiza. Filipo naye, katika Matendo 8, alimuuliza Mwethiopia swali moja tu, kisha akapanda garini kwa kualikwa.

Utaniuliza, na ile damu inayotajwa katika Ezekieli je? Ezekieli aliwekwa mlinzi wa nyumba ya Israeli, watu wake mwenyewe waliolijua agano wakaliacha. Hata yeye alidaiwa kuonya. Hakudaiwa kumgeuza mtu. Onyo likishasikika, uamuzi ni wa aliyelisikia, na jirani yako amekusikia vya kutosha. Wengine watakukumbusha kuwa Paulo alimwagiza Timotheo ahubiri hata wakati usiofaa. Ni kweli, lakini mstari huohuo, 2 Timotheo 4:2, unamdai pia uvumilivu.

Wapo watakaosema tukienda polepole hivi hakuna atakayeamini. Historia ya kanda yetu inawajibu. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulienea hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, kwa sehemu kubwa kupitia waumini wa kawaida. Walianza na dhambi zao wenyewe: waliungama hadharani, wakarudisha walivyoiba, wakapatana na waliokosana nao. Watu waliyaona maisha yaliyobadilika, wakataka kujua sababu. Pale baadhi yao walipogeukia kuwahukumu wenzao, yalizuka mafarakano makanisani. Mipaka ya kushuhudia imewekwa wazi hata na vyombo vikuu vya Kikristo: mwaka 2011 Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Vatikani na Muungano wa Kiinjili Ulimwenguni walitoa kwa pamoja mwongozo kuhusu kumshuhudia Kristo kati ya watu wa dini nyingine. Vyombo hivyo hutofautiana kwa mengi, lakini vilikubaliana kwamba hila, shuruti na kutumia umaskini wa mtu ili abadili dini havina nafasi, na kwamba uongofu ni kazi ya Roho Mtakatifu.

Kwa hiyo, acha kutuma mahubiri kuanzia leo. Nenda kwake umwambie kwa kifupi kwamba umemchosha na unamwomba radhi, bila kuongeza mstari wa Biblia. Ramadhani ijayo mpelekee wewe kitu cha kufuturu. Krismasi mwalike mle pamoja, na kuku awe amechinjwa na Mwislamu ili ale kwa amani. Akikueleza imani yake, msikilize kama unavyotaka usikilizwe, wala usiuseme vibaya Uislamu, iwe mbele yake au kanisani asipokuwepo. Huko si kunyamaza. Siku atakapokuuliza kwa nini unaomba, au ni nini kilichokushikilia wakati wa msiba, mjibu waziwazi na umtaje Kristo bila haya. Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anataka tuwe tayari kumjibu anayeuliza, tena kwa upole. Na asipouliza kamwe, abaki jirani yako vilevile. Kugeuza moyo wa mtu ni kazi ya Mungu. Wewe uliamriwa kumpenda jirani yako, na amri hiyo haikuwekewa sharti kwamba kwanza aamini kama wewe.