Garamond ya mlazo: ninavyoipanga kwenye vitabu vya Kiswahili

Kazi yangu ni kusanifu kurasa za vitabu, na fonti ninayoitumia kuliko zote ni EB Garamond. Waandishi huniuliza kwa nini maneno ya mlazo yanapendeza kitabuni ilhali kwenye mswada wao yalionekana yamepinda. Mara nyingi mswada huo haukuwa na hati mlazo hata kidogo: kompyuta ilichukua herufi zilizosimama ikazisukuma upande.

Ukitaka kujua, tazama herufi a. Katika Garamond iliyosimama, a ina paa juu ya tumbo. Katika mlazo wa kweli paa halipo. Imebaki tumbo na mkia mfupi, kama tunavyoiandika kwa kalamu. Herufi f nayo hushuka chini ya mstari. Ukiona a iliyoinama bado ina paa, ujue ni mlazo wa kughushi. Dawa yake ni kusakinisha faili mbili, ile ya kawaida na ile ya mlazo, kabla hujabonyeza kitufe cha kulaza maneno. EB Garamond inapatikana bure, kwa hiyo hakuna sababu ya kuishi na mlazo bandia.

Tofauti hiyo ina historia. Mwaka 1501 huko Venice, Aldus Manutius alichapa mashairi ya Virgil katika kitabu kidogo cha kushikika mkononi, chote kwa herufi zilizochongwa na Francesco Griffo kwa kufuata mwandiko wa haraka wa wasomi wa Italia. Herufi kubwa zilibaki zimesimama. Wakati huo mlazo ulikuwa hati kamili yenye kujitegemea. Kuuoanisha na herufi zilizosimama ndani ya sentensi moja kulikuja baadaye.

Hata Garamond tuliyonayo ni kazi ya mikono miwili. Claude Garamont, aliyefariki mwaka 1561, ndiye aliyechonga herufi zilizosimama. Mlazo unaofuatwa na EB Garamond ni wa Mfaransa mwenzake, Robert Granjon. Msanifu wa EB Garamond, Georg Duffner, aliongozwa na karatasi ya vielelezo iliyochapwa Frankfurt mwaka 1592, ambayo inaonyesha herufi za mabwana hao wawili. Mimi naupenda mlazo wa Granjon kwa uhai wake: unauona mkono ukitembea, husikii mashine.

Sasa tuje kwenye kupanga. Herufi ndogo za Garamond ni fupi kwa kimo, kwa hiyo kitabu cha ukubwa wa A5 nakipa pointi 11 au 11.5, na nafasi ya mistari pointi 14 au 15. Mlazo ni mwembamba kuliko herufi zilizosimama, jambo linalowafaa sana washairi wetu. Mshororo wa mizani 16, wenye ukwapi na utao, hukaa kwenye mstari mmoja bila kukatika hata ubeti ukisogezwa ndani ya ukurasa mdogo. Lakini diwani nzima siilazi. Jicho huchoka.

Ritifaa ya ng' ndiyo inayonisumbua kuliko yote. Miswada mingi huja na kile kijiti kilichonyooka cha kwenye kibodi, na kwenye maneno kama ng'ombe au ng'ambo ya mlazo kijiti hicho huonekana kama uchafu. Kibadilishe chote kiwe ritifaa iliyopinda, yenye umbo la tisa, kisha ukuze ukurasa kwenye skrini uone kama haigusani na sikio la g. Ikigusana, ongeza nafasi kidogo sana. Fanya hivyo pia pale f au d ya mlazo inapokutana na mabano yaliyosimama.

Kuhusu wapi pa kutumia mlazo, mimi ni bahili. Majina ya vitabu, kama Rosa Mistika ya Kezilahabi, yanastahili. Neno la lugha ngeni nalilaza linapotokea mara ya kwanza, kisha nalisimamisha. Mkazo siulazi karibu kamwe, kwa sababu sarufi yetu imeshaubeba: aliyeandika "yeye ndiye aliyekuja" ameshakaza, na kulaza neno yeye ni kumpigia msomaji kelele. Aya nzima ikiwa ya mlazo, jina la kitabu ndani yake lirudishe lisimame, la sivyo litapotea.

Kabla hujapeleka kazi kiwandani, chapa kurasa mbili tatu kwenye karatasi ya rangi na uzito ule ule utakaotumika, uzisome kwa mwanga wa kawaida wa nyumbani. Mistari myembamba ya Garamond huweza kufifia ikichapwa kwa wino hafifu, na skrini haitakuonyesha hilo.